Shilingi Moja, Hazina Ngapi?

Ukishika barabara ya kusini kutoka Ukunda, ukaipita Msambweni na mashamba ya miwa ya Ramisi, lami inakufikisha Lunga Lunga, na mbele kidogo ni Horohoro, upande wa Tanzania. Wadigo wako huku na huko, wanaoana na kuzikana. Machungwa ya Muheza hupita hapo kwenda masoko ya Mombasa, kwa njia ile ile wanayopita abiria wa mabasi ya Dar es Salaam. Lugha ni moja, na hata jina la pesa ni moja. Lakini mchuuzi akifika mpakani na noti za Kenya hana budi kuzibadilisha, na hapo ndipo hesabu inapoanza kumla. Tuseme mbadilishaji ananunua shilingi ya Kenya kwa shilingi 19.50 za Tanzania na kuiuza kwa 20.50. Mchuuzi aliyetoka Msambweni na elfu ishirini atapewa 390,000 za Tanzania. Mzigo ukikosekana, akarudi na pesa zile zile bila kununua hata chungwa moja, atapata kama 19,020 za Kenya. Karibu elfu moja imebaki mpakani, na hakuna aliyemwibia. Kampuni kubwa inayolipana kupitia benki hulihisi pengo hilo kwa mbali. Anayetembea na pesa mkobani hulihisi siku hiyo hiyo.

Hasara hiyo angalau hujulikana mapema. Inayouma zaidi ni ile isiyopiga hodi. Januari 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160 za Kenya, wakati ile ya Tanzania ilikuwa kama 2,500 kwa dola. Ukigawanya, shilingi ya Kenya ilikuwa sawa na 15.6 hivi za Tanzania. Kilichoiangusha ni hofu ya deni: Kenya ilikuwa na hatifungani ya dola bilioni 2 ya kulipwa Juni mwaka huo, na wakopeshaji hawakuwa na hakika kwamba pesa hizo zipo. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 ili kulipa sehemu kubwa ya deni hilo, hofu ikatulia, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa imerudi karibu shilingi 130. Ya Tanzania nayo ilikuwa imeteremka hadi 2,600 na ushei. Sasa shilingi moja ya Kenya ilinunua 20 za Tanzania. Elfu hamsini za Kenya, zilizokuwa kama 780,000 za Tanzania mwanzoni mwa mwaka, zikapita milioni moja kabla ya mwaka kufika nusu. Mnunuzi wa machungwa akapumua. Aliyekuwa akivusha bidhaa za Kenya kwenda Tanga akaona wateja wanapungua, kwa sababu bei yake ilipanda kwao bila yeye kuigusa. Hakuna kati yao aliyeshauriwa dola hizo zilipokopwa.

Kwa watu wa aina hii, ahadi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwamba siku moja nchi wanachama zitatumia sarafu moja si porojo za mikutano ya Arusha. Pengo la kununua na kuuza litakwisha, mtu wa Lunga Lunga ataweza kulinganisha bei ya mchele wa huku na wa kule kwa kuangalia tu, na deni la Nairobi halitaweza kubadilisha bei ya chungwa kati ya Krismasi na Pasaka. Sipingi faida hizo. Ninachosema ni kwamba sarafu ya pamoja ni mkataba wa kubebana, na mkataba huo mpaka sasa una saini nyingi lakini hauna mfuko. Na kama utaanza bila mfuko, watakaoanza kuulipia si Nairobi wala Dar es Salaam. Ni sehemu zinazotegemea riziki moja au mbili, na pwani ya Kwale ni mojawapo.

Jambo hili si geni hapa. Pwani imeshapitia reale za Maria Theresa, rupia za Kihindi na, kwa upande wa Tanga, rupia na heller za Wajerumani. Mwishoni mwa 1919 Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London, na kuanzia miaka ya 1920 shilingi yake ikatumika Kenya, Uganda na Tanganyika. Zanzibar iliingia 1936. Kwa zaidi ya miaka 40 mvuvi wa Vanga aliweza kuuza samaki kwao na kununua kanga Tanga kwa sarafu ile ile iliyokuwa mfukoni. Mwaka 1965 serikali tatu zikatangaza kwamba kila moja itakuwa na yake, na mwaka uliofuata benki kuu zikafungua milango Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Siku zilipoachana, shilingi zote tatu zilikuwa sawa, 20 kwa pauni moja ya Uingereza. Leo ya Kenya ni kama 20 za Tanzania, na ya Uganda iko mbali zaidi. Mwenye kutaka kujua nchi tatu zimeendesha uchumi wao kwa njia tofauti kiasi gani tangu uhuru, hahitaji kitabu kinene kuliko nambari hizo.

Kwa nini waliachana? Jibu linalotolewa upesi ni siasa, na siasa zilikuwepo. Lakini kuna mawili ya kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni kwamba shilingi ile haikuwa yetu. Kwa kanuni, shilingi iliyotolewa ilidhaminiwa na mali ya pauni iliyowekwa London, na Bodi haikuundwa ili kuzikopesha serikali au kuzisaidia benki kipindi cha shida. Nchi changa zilizotaka kujenga barabara na viwanda hazikuridhika na chombo cha namna hiyo. Mwaka 1963 mtaalamu wa benki kuu ya Ujerumani, Erwin Blumenthal, aliyeombwa ushauri na Tanganyika, alipendekeza kwamba nchi iwe na benki yake huku ikiendelea kushirikiana na majirani. La pili lina uzito zaidi. Viwanda vilikuwa vimekusanyika Nairobi na Mombasa, na Kenya ilikuwa ikiwauzia wenzake kuliko ilivyonunua kwao. Chini ya sarafu moja na soko moja, Tanganyika na Uganda hazikuwa na njia ya kujikinga. Mwaka 1964 viongozi walikutana Kampala wakakubaliana kugawana viwanda, makubaliano hayo hayakutekelezwa kikamilifu, na mwaka mmoja baadaye sarafu ikavunjika. Kwa hiyo aliyefaidika zaidi hakutaka kugawana, na aliyepata kidogo akachoka kungoja. Jumuiya iliyozaliwa 1967 ilikufa kwa ugonjwa wa jamii hiyo hiyo miaka 10 baadaye. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977, ukaja kufunguliwa 1983.

Mpango wa sasa ulitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, na nchi tano zilizokuwa wanachama wakati huo. Shabaha ilikuwa sarafu ianze 2024. Mwaka huo ulipita, shabaha ikasogezwa hadi 2031. Kabla ya kuingia, kila nchi inatakiwa itimize masharti: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa pamoja na misaada, deni la umma lisizidi asilimia 50 ya pato hilo kwa thamani ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu. Karatasini yanaonekana masharti ya busara. Kenya, iliyo kubwa kiuchumi, imelivuka la deni kwa muda mrefu, na Burundi imekuwa ikipambana na bei zinazopaa. Wakati huo huo familia imeongezeka: Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia zimeingia, mbili za mwisho zikiwa nchi ambazo dola ya Marekani inatembea sokoni kama pesa ya nyumbani. Ni vigumu kusadiki kwamba zote nane zitafika mstarini pamoja mwaka 2031, na sioni aibu yoyote ikiwa hazitafika. Aibu ingekuwa kuingia kwa kupikiana takwimu.

Sarafu moja maana yake ni riba moja ya benki kuu, na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kwa mtu wa kawaida kuliko inavyoonekana. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake hadi asilimia 13 ili kuitetea shilingi iliyokuwa ikiporomoka. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imetangaza riba yake kuwa asilimia 5.5. Nchi mbili jirani, msimu mmoja, na dawa mbili zilizo mbali hivyo, kwa sababu magonjwa yalikuwa mawili. Kama zingekuwa na benki moja, ingechagua ipi? Ikichukua 13, mkulima wa mkonge wa Korogwe na mfanyabiashara wa Arusha wangelipa mikopo ghali kwa kosa la Hazina ya Nairobi. Ikichukua 5.5, bei zingepaa Kenya. Ikichukua ya katikati, isingemfaa yeyote. Wataalamu wa benki husema tofauti hizo zitapungua nchi zikizoeana, na huenda ikawa hivyo, lakini kuzoeana hakuanzi siku ya kuchapa noti.

Turudi ufukweni. Agosti 1997 kundi lenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, na ghasia zikasambaa Kwale. Watalii walikimbia, hoteli za Diani zikafungwa moja baada ya nyingine, na wapishi, wahudumu, wauza vinyago na wenye mashua wakabaki mikono mitupu. Mei 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, serikali ya Uingereza iliwataka raia wake waepuke safari zisizo za lazima za Mombasa na ukanda wa pwani kutoka Mtwapa hadi Tiwi. Diani haikuwamo katika onyo hilo, kwa sababu mstari uliishia Tiwi. Haikusaidia kitu. Kampuni za utalii ziliwarudisha wateja wao nyumbani na kufuta safari za ndege za Mombasa, na Diani ikaumia kwa kosa la kuwa jirani. Sasa angalia upande wa pili wa bahari. Anayetaka jua na mchanga mweupe haachi kusafiri kwa sababu ya Likoni. Anaweza kuhamia Nungwi au Kiwengwa, na Zanzibar ikapata kile ambacho Diani imekosa. Pigo la namna hii haliziangukii nchi mbili kwa pamoja. Linaiangusha moja na pengine kuinua nyingine, na hilo ndilo jaribio gumu kuliko yote kwa sarafu ya pamoja.

Nchi yenye sarafu yake ina mlango mmoja wa dharura: sarafu inashuka, malazi yanakuwa nafuu kwa mwenye euro, na anayeuza korosho au samaki nje anapata shilingi nyingi zaidi. Tusiutie chumvi mlango huo. Shilingi ikishuka haimrudishi mtalii anayeogopa bunduki, na familia ya Msambweni inaulipia dukani, kwenye mafuta ya taa, unga wa ngano na nauli ya matatu. Wanaopenda sarafu moja wana haki ya kusema kwamba dawa hiyo ni chungu na mara nyingi hutumiwa kufunika uzembe wa serikali. Nakubaliana nao. Lakini ukiufunga mlango wa dharura lazima ufungue mwingine, na mwanauchumi Robert Mundell aliandika mwaka 1961 jinsi ya kuutafuta: maeneo yanayotumia sarafu moja yatastahimili mapigo ikiwa wafanyakazi wanaweza kuhama kufuata kazi. Waliomfuata katika mjadala huo waliongeza njia nyingine, yaani hazina ya pamoja inayotoa pale palipopona na kupeleka pale palipoumia.

Kuhama kwanza. Mhudumu wa hoteli aliyeachishwa kazi Diani anajua kazi, anajua Kiingereza, pengine na Kijerumani au Kiitalia cha kumtosha mgeni, na Kiswahili hahitaji kufundishwa. Nungwi ingemfaa sana. Kinachomzuia ni karatasi. Soko la pamoja lilianza Julai 2010 na kuahidi uhuru wa watu kufanya kazi popote katika Jumuiya, lakini vibali bado vipo na vina gharama zake. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wageni kufanya biashara ndogo ndogo kadhaa, zikiwemo za kutuma na kupokea pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni na kuongoza watalii. Kenya ililalamika. Dar es Salaam ina sababu zake, kwani vijana wake nao wanatafuta riziki, na Kenya nayo imewahi kuwafungia jirani zake milango: Machi 2021 ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda ghafla kwa kisa cha sumukuvu, malori yakakwama mipakani, kisha zuio likaondolewa baada ya siku chache na masharti mapya. Sihesabu nani ameanza. Nasema tu kwamba nchi ambazo bado zinazuiana kunyoana nywele hazijawa tayari kushirikiana riba.

Mlango wa pili, ule wa hazina, ndio unaozungumzwa kidogo kuliko yote, na kwa mtu wa Kwale haupaswi kuwa fumbo. Kwale tayari imo katika umoja wa sarafu. Imo pamoja na Turkana, Kisii, Eldoret na Nairobi, na haijawahi kuwa na shilingi yake. Diani ilipoanguka 1997, Kwale haikuweza kushusha thamani ya pesa zake peke yake. Base Titanium ilipofunga uchimbaji wa madini mwishoni mwa 2024 kwa kuwa mchanga wenye madini ulikuwa umekwisha, hakuna benki kuu ambayo ingepunguza riba kwa ajili ya Msambweni tu. Kilichopo badala yake ni mgao. Katiba ya 2010 inataka kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, na Kwale imekuwa ikipata zaidi ya shilingi bilioni 8 kwa mwaka kutoka Hazina kama mgao wa usawa. Watu wanalalamika kwamba hazitoshi, kwamba huchelewa, kwamba nyingine hupotea njiani, na wana sababu. Hata hivyo walimu hulipwa kutoka Nairobi, barabara kuu hutengenezwa kutoka Nairobi, na kijana wa Ukunda akipanda basi kwenda kutafuta kazi Thika haombwi kibali. Umoja wa sarafu kati ya Kwale na Kenya nzima unavumilika kwa sababu ya hayo, na bila hayo usingevumilika.

Linganisha na Arusha. Bajeti ya mwaka ya Jumuiya nzima, pamoja na bunge lake, mahakama yake na taasisi zake, ni kama dola milioni 100 na kidogo. Kiasi hicho hakifiki maradufu ya mgao unaopelekwa Kwale peke yake, na sehemu yake hutoka kwa wafadhili wa nje. Baadhi ya wanachama wamekuwa wakichelewesha michango yao mwaka baada ya mwaka, hata ikafika mahali vikao vikaahirishwa kwa kukosa pesa. Chama cha akina mama kinachoshindwa kukusanya mia mia ya kila wiki hakikopeshi mtu wa kujenga nyumba. Itifaki ya 2013 inazungumzia benki kuu ya pamoja na taasisi za kuitangulia, na vilevile inataka bajeti za nchi ziendeshwe kwa nidhamu. Haianzishi mfuko wa kuinua pwani iliyopoteza watalii wala bonde lililopoteza mvua, angalau si mfuko wenye ukubwa wa kuonekana.

Mfano wa karibu zaidi wa sarafu moja kati ya serikali mbili si Ulaya, ni Tanzania na Zanzibar. Zanzibar ilikuwa mwanachama wa Bodi ya Sarafu, kisha baada ya Muungano wa 1964 Benki Kuu ya Tanzania ikawa ya pande zote mbili. Tangu wakati huo swali la Zanzibar ina haki ya kiasi gani katika mtaji na faida ya benki hiyo limekuwa mojawapo ya zile ziitwazo kero za Muungano. Kwa miaka mingi ulitumika mgao wa asilimia 4.5, uliokubaliwa kama hatua ya muda. Benki kuu hupata faida kwa kutoa noti, kwa sababu noti ya elfu kumi haigharimu elfu kumi kuichapa, na faida hiyo lazima iende mahali. Ikiwa pande mbili zenye rais mmoja wa Muungano, jeshi moja na lugha moja zimebishana juu ya hesabu hiyo kwa vizazi viwili, basi nchi nane zinapaswa kuimaliza mapema, kwa maandishi na kwa asilimia zinazojulikana.

Wapo watakaosema Ulaya ilithubutu, na leo mtu anatoka Lisbon hadi Helsinki na pesa moja mfukoni. Kweli. Ulaya pia ilikuwa imeshafanya kazi ya kuondoa mipaka ya bidhaa na wafanyakazi kwa zaidi ya miaka 40 kabla noti za euro hazijatoka 2002, na ilikuwa na mifuko ya kusaidia mikoa maskini. Pamoja na hayo yote, Ugiriki ilipokiri mwishoni mwa 2009 kwamba nakisi yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyotangaza, euro nusura ipasuke. Kwa kuwa Ugiriki haikuweza kushusha sarafu, ilishusha mishahara na pensheni, na kufikia 2013 zaidi ya robo ya waliotaka kazi hawakuwa nayo. Iliokolewa na mikopo mikubwa ya wenzake na ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Nani angeiokoa Burundi? Au Kenya, ambayo kwa ukubwa wake ingewazamisha waokoaji?

Hoja nyingine, na hii ina nguvu zaidi kwangu, ni kwamba ukingoja kila kitu kiwe tayari hutaanza kamwe, na kwamba sarafu yenyewe ndiyo itakayowalazimisha viongozi kuondoa vibali na kuunda mfuko. Inawezekana. Lakini shuruti hiyo hupitia migongo ya watu. Miaka ambayo viongozi wangekuwa wakilazimishwa kufikiri ndiyo miaka ambayo mhudumu wa Diani angekuwa amekaa nyumbani bila mlango wowote wa kutokea. Na kuna mengi ya kumfaa mchuuzi wa Lunga Lunga ambayo hayangoji noti mpya. Mtu wa Kenya amekuwa akiweza kutuma M-Pesa Tanzania tangu 2015, na benki kuu zina mfumo wa kulipana kwa shilingi za kikanda bila kupitia dola, ila unatumiwa chini ya uwezo wake. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa kipo kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Ada za uhamisho zikishushwa, cheti hicho kikiheshimiwa kila siku na kila afisa, na zuio la ghafla kama lile la mahindi likihitaji kwanza notisi kwa jirani, sehemu kubwa ya hasara ya mpakani itapungua. Itabaki ile ya thamani kupanda na kushuka, ambayo simu haiwezi kuiponya. Hiyo ndiyo kazi halisi ya sarafu moja, na ndiyo inayostahili kungojewa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halipati nafasi katika hotuba, nalo ni bei ya kuvukia. Siku sarafu mpya ikianza, kila mshahara, mkopo na akiba itageuzwa kwa kiwango kimoja kitakachofungwa milele. Afrika Mashariki imewahi kukiona kitu hicho. Kabla ya vita vya 1914 rupia ilihesabiwa kuwa shilingi moja na peni nne za Kiingereza. Mwaka 1920 ikafungwa kwa shilingi mbili, na juu ya kiwango hicho ikajengwa sarafu mpya. Walowezi waliokuwa wakiuza mazao kwa pauni na kulipa madeni na vibarua kwa rupia waliona gharama zao zimepanda kwa nusu. Hawakukubali kuubeba mzigo huo peke yao. Mwaka 1921, bei za mazao zilipoanguka, waliazimia kukata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja, na malalamiko dhidi ya hatua hiyo ni miongoni mwa yaliyomfanya Harry Thuku kuwa kiongozi, hadi alipokamatwa Nairobi Machi 1922 na polisi wakawafyatulia risasi waliokusanyika kumdai.

Kiwango cha safari hii kitakuwa kipi? Shilingi ya Kenya ikifungwa kwa thamani iliyopewa na soko Januari 2024, mpishi wa Diani ataingia katika sarafu mpya akiwa na mshahara ulio chini kwa zaidi ya moja ya tano, ukiulinganisha na wa mwenzake wa Tanga, kuliko ikifungwa kwa ile ya Juni. Mwajiri wake ataona ndivyo ilivyopaswa kuwa, kwa sababu hoteli yake itakuwa nafuu kuliko za Zanzibar. Aliyekopa shilingi za Kenya kununua mashine ya boti Shimoni na anayeuza samaki wake Tanga atapendelea ile ya Januari, mwenye akiba katika chama cha Msambweni ataitaka ya Juni. Hesabu hiyo inaweza kufanywa leo, kwa kila kaunti na kila mkoa, na kuwekwa mezani kabla magavana wa benki kuu hawajaketi kuifunga. Wabunge wa Afrika Mashariki, ambao kila nchi huchagua tisa, wana mamlaka ya kuidai. Mpaka sasa wamekuwa wakiulizwa zaidi noti mpya itakuwa na picha ya nani.